Die Nibelungen ya Fritz Lang: filamu ya muuaji wa joka isiyofaa kutazamwa nusu

Joka la filamu hii linauawa katika wimbo wa kwanza kati ya nyimbo 14, yaani sura, zinazoiunda, na baada ya hapo mtazamaji hubakiwa na zaidi ya saa nne ambazo ndani yake halitokei joka jingine. Natanguliza jambo hili kwa sababu wengi wanaoitafuta Die Nibelungen ya mwaka 1924, iliyoongozwa na Fritz Lang, huitafuta kwa ajili ya joka. Huitazama sehemu ya kwanza, wakamwona Siegfried akioga damu ya mnyama na baadaye akifa kwa hiana, wakaridhika kwamba wameiona hadithi yote. Hawajaiona. Sehemu ya pili ndiyo inayoipa maana ile ya kwanza, na tahakiki hii nimeiandika hasa kumshawishi msomaji azitazame zote mbili, kwa utaratibu wake, katika toleo lililorejeshwa na kuoneshwa upya mwaka 2010.

Filamu ni ya zama ambazo sinema haikuwa na sauti. Sehemu ya kwanza, Siegfried, ilioneshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 14 Februari 1924, na ya pili, Kriemhilds Rache, yaani kisasi cha Kriemhild, ikafuata mwezi Aprili mwaka huohuo. Hati iliandikwa na Thea von Harbou, aliyekuwa mke wa Lang wakati huo. Paul Richter anaigiza Siegfried, Margarete Schön ni Kriemhild, Hanna Ralph ni Brunhild, Theodor Loos ni Mfalme Gunther wa Waburgundi, na Hans Adalbert Schlettow ni Hagen wa Tronje, mtu wa jicho moja mwenye kofia ya chuma yenye mabawa, ambaye kwa maoni yangu ndiye mhimili wa hadithi nzima kuliko hata shujaa mwenyewe.

Kabla ya kuipima kazi ya Lang na Harbou, inafaa kujua walikuwa na nini mikononi, kwa maana hadithi ya muuaji wa joka haikurithiwa kwa umbo moja. Kwa watu wa kaskazini, Iceland na Skandinavia, shujaa huitwa Sigurd, na joka Fafnir kwa asili si mnyama, bali ni mwana aliyemuua baba yake kwa tamaa ya dhahabu, akaenda kuilalia dhahabu hiyo hadi akageuka joka. Sigurd anachimba shimo kwenye njia ambayo joka hupita likienda kunywa maji, anajificha humo na kulichoma moyo kutoka chini, na anapoonja damu ya moyo huo anaanza kuelewa lugha ya ndege. Tukio hili limechongwa juu ya mwamba huko Ramsund nchini Uswidi tangu karne ya 11, na mpaka leo watu huenda kulitazama. Kwa watu wa kusini, utenzi wa Nibelungenlied, uliotungwa karibu mwaka 1200 kwa Kijerumani cha zama za kati, hauna haja kubwa na joka: Hagen analitaja kwa maneno machache tu anapowaeleza wafalme wake mgeni aliyefika Worms, mji wao, ni nani, kisha utenzi unarudi kwenye mambo ya ikulu, harusi, mavazi, matusi na mauaji. Nyuma ya utenzi huo imesimama historia ya kweli, kwani ufalme wa Waburgundi uliokuwa kando ya mto Rhine uliangamizwa karibu mwaka 436, mfalme wao Gundahar akafa pamoja nao, na kumbukumbu ya watu ikayaunganisha maangamizi hayo na jina la Attila, mfalme wa Wahunni, wapanda farasi waliotoka mashariki, ambaye katika utenzi huitwa Etzel.

Tofauti kubwa kuliko zote iko mwishoni. Katika masimulizi ya kaskazini, mjane wa shujaa anamuua mume wake wa pili, Atli, ili kulipiza kisasi cha kaka zake. Katika utenzi wa kusini, mjane huyohuyo anawaangamiza kaka zake ili kulipiza kisasi cha mume. Harbou alilichukua joka na ndege kutoka kaskazini, lakini kiunzi cha hadithi akakichukua kusini, na uamuzi huo ndio ulioifanya filamu kuwa ya kutisha kwa namna ambayo joka peke yake lisingeweza kuifanya. Mwanamke anayechagua kati ya damu yake na kiapo chake si jambo la kubuni kwa msomaji yeyote aliyekulia katika ukoo mkubwa.

Joka lenyewe lilikuwa mashine kubwa iliyoendeshwa na watu waliojificha, na anayelitazama leo ataona mara moja kwamba shingo yake inageuka kwa ugumu na miguu yake inakanyaga kwa kusitasita. Hata hivyo lina uzito. Linaposhuka kwenye maji ya msituni, mwili wake unagusa mawe na matope ya kweli, moshi na moto vinatoka kinywani mbele ya mwigizaji aliye palepale, na jicho la mtazamaji linakubali kwamba kuna kitu kikubwa ndani ya bonde lile, jambo ambalo majoka mengi yaliyochorwa kwa kompyuta bado hayajaweza kulifanya. Kilichonigusa zaidi ni kwamba joka hili halijamkosea mtu yeyote tuliyemwona. Linakunywa maji. Siegfried, aliye juu ya farasi mweupe, analiona kutoka mbali, anafurahi, anashuka na kulishambulia, analichoma jicho, na mnyama anarudi nyuma akivuja damu. Lang hakutuonesha kijiji kilichochomwa wala mifugo iliyoliwa ili kuhalalisha tendo hilo. Shujaa anaua kwa sababu ana upanga mpya na ana nguvu za kuutumia, na mtazamaji makini atalikumbuka hilo baadaye pale mkuki utakapomjia yeye mwenyewe kutoka nyuma wakati naye amekwenda kunywa maji.

Ndege anamwambia aoge damu ya joka ili mwili wake usipenywe na silaha yoyote. Anaoga, na jani moja la mti wa lindeni linaanguka na kumganda begani, likiacha sehemu ndogo isiyoguswa na damu. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona jani hilo bila kumkumbuka Fumo Liyongo wa Pate, ambaye hakuwa akiuawa kwa mkuki wala mshale bali kwa sindano ya shaba kitovuni, na ambaye siri hiyo aliitoa kwa mwanawe wa kumzaa. Katika hadithi zote mbili, nguvu ya shujaa inaishia pale anapompenda mtu, na adui hahitaji kumshinda vitani, anahitaji tu kumpata anayeaminiwa. Tofauti iliyopo ni nzito. Mwana wa Liyongo aliuza siri ya baba yake kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtawala, ilhali Kriemhild anaitoa siri ya mumewe kwa nia njema kabisa, akiamini kwamba Hagen anataka kumlinda, na kwa mkono wake anashona alama ya msalaba juu ya vazi la mume pale hasa mkuki utakapoingilia. Katika sehemu yote ya pili hakuna sekunde ambayo mwanamke huyu anaweza kusahau kwamba sindano ilikuwa mkononi mwake.

Kuhusu sura ya filamu, ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kazi hii inapozidi karibu kila kitu kilichotengenezwa baadaye juu ya hadithi hii. Otto Hunte, Erich Kettelhut na Karl Vollbrecht waliijenga dunia yote ya hadithi katika viwanja na majumba ya studio karibu na Berlin. Msitu anaoupita Siegfried ni wa miti iliyojengwa, yenye mashina mapana yaliyonyooka kama nguzo za jengo la ibada, na miale ya mwanga inashuka katikati yake kwa mshazari. Ikulu ya Worms ina kuta tupu, milango mikubwa na ngazi pana, na watu wanapangwa ndani yake kwa mizani kali: mfalme katikati, walinzi kushoto na kulia kwa idadi sawa, mikuki ikisimama kwa mistari. Mavazi yamejaa mapambo ya miraba na mawimbi yanayojirudia kama ukili wa mkeka uliosukwa kwa rangi mbili, na mara nyingi ni vigumu kusema mtu anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Wako waliouita mpangilio huu baridi, na ni kweli kwamba unachosha pale tukio lenyewe linapokuwa dogo. Lakini baridi hiyo ina kazi. Waburgundi ni watu waliofungwa na cheo, desturi na neno walilolitoa, na Lang anawaonesha wakiwa wamefungwa hivyo hata kabla hawajafungua kinywa. Katikati ya uzito huo imewekwa ndoto ya Kriemhild kuhusu kipanga mweupe anayeshambuliwa na ndege weusi, iliyochorwa na Walter Ruttmann kwa maumbo yanayotembea, nayo ni dakika chache za kichawi ambazo mtu angeweza kuzitazama peke yake kama kazi kamili.

Kiini cha sehemu ya kwanza ni udanganyifu aliotendewa Brunhild. Gunther anamtaka malkia huyo wa Isenland, lakini hana nguvu za kumshinda katika kurusha jiwe, kuruka na kutupa mkuki, na Siegfried anamtaka Kriemhild, dada yake Gunther. Wanakubaliana, na kwa msaada wa kitambaa cha kichawi alichokipata kwa Alberich, mfalme wa vibeti, Siegfried anashindana bila kuonekana huku Gunther akijifanya ndiye anayeshinda. Gunther na Siegfried wanachanjiana damu na kuwa ndugu. Usiku wa harusi, Brunhild anapomkataa mume, ndugu huyo wa kuchanjiana anavaa sura ya Gunther, anamshinda nguvu malkia na kumvua bangili. Hanna Ralph anaigiza aibu hii kwa namna inayozidi uwezo wa wanaume wote walio karibu naye. Anaposhuka chomboni akitolewa kwao na kuletwa Worms, uso wake ni wa mtu anayejua kwamba ameibiwa lakini bado hajamjua mwizi.

Ndiyo maana ugomvi wa mawifi wawili kwenye ngazi za kanisa kuu ni tukio linalostahili kusomwa na kila mwandishi wa michezo ya kuigiza. Wanagombania nani atangulie kuingia. Brunhild, aliye mke wa mfalme, anamzuia Kriemhild, ambaye mumewe anahesabiwa kuwa mtu wa chini ya mfalme, na Kriemhild, kwa hasira ya kudharauliwa mbele za watu, anamwonesha bangili na kumwambia aliyemshinda hakuwa mumewe. Picha zinapangwa kwa ngazi, mmoja juu na mwingine chini, kisha nafasi zinabadilika bila neno lolote. Kinachofuata ni kesi ya ndani ya familia ambayo haina hakimu. Brunhild anadai damu na hata anatia chumvi kuhusu yaliyotokea usiku ule, Hagen anaunga mkono kwa sababu heshima ya mfalme wake imechafuliwa, na Gunther, mtu dhaifu aliyefaidika na udanganyifu wote, anakubali shemeji na ndugu yake wa damu auawe wakiwa mawindoni. Theodor Loos anautendea haki udhaifu huo. Mabega yake yanaanguka tukio baada ya tukio, na mwishoni taji linaonekana kumlemea.

Paul Richter, kwa upande wake, ni Siegfried mwenye mwili mzuri na uso usio na mawazo mengi. Sina hakika kama huo ni upungufu wa mwigizaji au ni hesabu ya mwongozaji, lakini matokeo yake ni kwamba shujaa anakufa bila kuwahi kuelewa alichomtendea Brunhild, na mimi nilimlilia Kriemhild zaidi kuliko nilivyomlilia yeye.

Kifo hicho kinapotokea, Kriemhild hatamki laana ndefu. Anadai haki kwa kaka zake, nao wanasimama mmoja baada ya mwingine mbele ya Hagen na kumkinga. Sehemu ya kwanza inamalizika hivyo, na hapa ndipo wengi huzima.

Anayeendelea atamkuta Margarete Schön akifanya kazi ambayo sijaiona ikifikiwa na mwigizaji mwingine wa jukumu hili. Katika sehemu ya kwanza alikuwa binti mwenye misuko mirefu na mavazi meupe. Sasa amevaa mavazi mazito ya rangi ya giza, mwili wake hausogei, mikono yake imetulia, na kila kitu kinafanywa na macho. Rüdiger wa Bechlarn anafika kumposa kwa niaba ya Mfalme Etzel. Anakubali tu baada ya Rüdiger kuapa juu ya upanga kwamba atamtetea dhidi ya yeyote atakayemtendea ubaya, na kabla ya kuondoka anachukua udongo wa mahali mume wake alipoangukia. Hagen anaitosa hazina katika mto Rhine ili isimpe mjane nguvu ya kununua majeshi. Kuanzia hapo mwendo wa filamu unabadilika, mizani ya mistari na nguzo inavunjika, na nafasi yake inachukuliwa na vumbi, farasi, umati, moshi na mapango.

Lazima niseme wazi jambo linaloniudhi katika sehemu hii. Wahunni wameoneshwa wakiishi kama wanyama, wakichungulia kutoka mashimoni, wakining'inia mitini, wakitembea wameinama. Yeyote anayetoka Afrika anaijua picha ya namna hiyo, kwa maana sinema ya Ulaya na Marekani ya miaka ileile ilituchora sisi kwa kalamu ileile. Alberich naye katika sehemu ya kwanza, akiwa na pua iliyopindwa na mikono inayokumbatia dhahabu, amechorwa kwa mfano wa vikaragosi vya chuki dhidi ya Wayahudi vilivyokuwa vikienea Ujerumani wakati huo. Sidhani kwamba uzuri wa picha unapaswa kumfanya mtazamaji afumbe macho mbele ya mambo haya, na ningemshauri mzazi anayeitazama na watoto asimamishe na kuyazungumza.

Pamoja na hayo, hadithi yenyewe inaupinga mchoro huo kwa njia ambayo pengine watengenezaji hawakuikusudia kikamilifu. Etzel, anayeigizwa na Rudolf Klein-Rogge kwa vipodozi vizito vinavyotisha, ndiye mtu mwenye moyo mkubwa kuliko wote. Anampenda mwanawe mchanga hadi anajisahau. Kriemhild anapowaalika kaka zake na kumtaka mume awaue, Etzel anakataa, kwa sababu mgeni aliye chini ya paa lake ni mtakatifu. Yeye anayeitwa mshenzi ndiye anayeishika sheria ya ugeni, na wale waliovaa misalaba na kusali katika kanisa kuu ndio waliomchoma shemeji yao mgongoni. Sheria hiyo inavunjika karamuni, pale Hagen, baada ya kusikia kwamba watu wa Burgundi wameshambuliwa nje, anapomuua mtoto wa Etzel mezani. Mtoto huyo ni mpwa wa Gunther. Klein-Rogge anapombeba mwanawe aliyekufa, vipodozi vyote vinasahaulika.

Baada ya hapo ni ukumbi uliozingirwa, na filamu inakaa humo kwa muda mrefu, kwa haki kabisa. Wanaume wa Burgundi wanapewa nafasi ya kutoka salama ikiwa watamtoa Hagen, nao wanakataa, wakati ule ukumbi umezungukwa na baadaye paa linapowaka moto juu ya vichwa vyao. Hawakatai kwa sababu Hagen ana haki, kwani kila mmoja wao anajua kwamba hana. Wanakataa kwa sababu wameapa. Rüdiger naye anatakiwa kutimiza kiapo alichokula juu ya upanga, na kwa kukitimiza inambidi aingie kupigana na watu aliowakaribisha nyumbani kwake na ambao mmoja wao, Giselher mdogo, amechumbia binti yake. Rudolf Rittner anaigiza saa hiyo ya Rüdiger kwa utulivu wa mzee aliyekwisha kufa ndani, na kwangu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuitazama, kwa sababu hapa hakuna mwovu wa kumtupia lawama. Mwisho wenyewe nauacha kwa mtazamaji, ila niseme tu kwamba hakuna anayeshinda, na Lang hakumpa mtu yeyote faraja ya kufa vizuri.

Hapa ndipo ninapoona ni lazima kueleza kwa nini kuitazama nusu ni hatari, wala si hasara ya burudani peke yake. Hadithi hii ilikuwa ikitumika katika siasa za Ujerumani kabla Lang hajaigusa. Mwaka 1909 Kansela Bernhard von Bülow aliuita uhusiano wa nchi yake na Austria uaminifu wa Wanibelungi, jina ambalo utenzi huwapa Waburgundi wa mwisho wake, akimaanisha kusifu, kana kwamba hakuwahi kufika mwisho wa utenzi. Baada ya Ujerumani kushindwa vita mwaka 1918 na kupoteza makoloni yake yote, likiwemo la Afrika Mashariki, Jemadari Hindenburg aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1920 kwamba jeshi lilianguka kama Siegfried aliyechomwa mkuki na Hagen kutoka nyuma, na uongo huo kwamba taifa lilisalitiwa na watu wa ndani ukawa chakula cha chuki. Filamu yenyewe inafunguliwa kwa maneno ya kuitabaruku kwa watu wa Ujerumani. Goebbels, waziri wa propaganda wa Wanazi, aliisifu hadharani mwaka 1933, na mwaka huohuo sehemu ya kwanza ikarudishwa sinemani ikiwa imefupishwa, imetiwa sauti ya msimulizi na muziki wa Wagner, mtunzi wa opera za hadithi hiihii. Ni sehemu ya kwanza iliyorudishwa, yenye joka, shujaa mweupe na mkuki wa mgongoni. Lang, ambaye mama yake alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, aliondoka Ujerumani mwaka huo. Harbou alibaki na akajiunga na chama cha Nazi. Tarehe 30 Januari 1943, askari wa Ujerumani wakiangamia Stalingrad, Göring, mkuu wa jeshi la anga la Wanazi, aliwafananisha katika hotuba na Wanibelungi waliokuwa katika ukumbi wa moto wakikata kiu kwa damu yao wenyewe, akitaka watu waone fahari mahali ambapo utenzi ulionesha maangamizi. Aliyeitazama sehemu ya pili ya Lang kwa macho mawili asingeweza kudanganywa na hotuba ile, kwa maana alikwisha kuuona ukumbi huo kwa ndani, na alikwisha kujua kwamba moto uliwashwa na kiapo cha kumkinga muuaji.

Sasa niligeukie toleo lenyewe. Taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau ya Wiesbaden ilizikusanya nakala za zamani zilizosalia na kuirejesha filamu karibu na urefu wake wa awali, na kazi hiyo ikaoneshwa Berlin mwezi Aprili 2010. Picha ni safi kuliko nilivyotarajia kwa kazi ya umri huu. Mikwaruzo imebaki hapa na pale, na hilo ni afadhali kuliko kuisugua mpaka nyuso zikaonekana za plastiki. Picha zimetiwa rangi ya machungwa iliyokolea tangu mwanzo hadi mwisho, kama nakala za awali zilivyotiwa, na inachukua dakika chache kuizoea. Muziki ni ule ule ulioandikwa na Gottfried Huppertz kwa ajili ya filamu hii, uliopigwa na okestra ya redio ya Frankfurt chini ya Frank Strobel, nao umefungamana na picha kiasi kwamba mtu anatambua Hagen anakuja kabla mlango haujafunguliwa. Wako wanaodhani kwamba hadithi hii haiwezi kuwa na muziki mwingine ila wa Wagner. Huppertz amekwenda njia yake, kwa mwendo mzito na wa polepole unaolingana na ngazi na nguzo za Worms, na sikumkosa Wagner hata mara moja.

Kasoro za kiutendaji ni chache. Maandishi yanayotokea kati ya picha ni ya Kijerumani kwa herufi za kale, na katika diski niliyoitazama tafsiri iliyopo chini ya picha ni ya Kiingereza. Kwa kuwa filamu haina mazungumzo ya sauti, si vigumu mtu mmoja anayekijua Kiingereza kuwasomea wenzake kwa Kiswahili, kama wanavyofanya watafsiri wa mabanda ya video, na kwa kweli filamu hii inawafaa mno watu wa kazi hiyo: maandishi yake ni mafupi, na picha inasubiri. Wimbo wa tatu na wa nne wa sehemu ya kwanza unakwenda polepole kwa mtu aliyechoka. Watoto wadogo wanaweza kutazama nyimbo mbili za mwanzo, za mhunzi Mime, joka na Alberich, bila tabu nyingine zaidi ya ile niliyoieleza; sehemu ya pili si yao.

Sehemu mbili kwa pamoja huchukua karibu saa nne na dakika 40, nami singeshauri mtu azitazame kwa mkao mmoja. Jioni ya kwanza iwe ya Siegfried, ya pili iwe ya Kriemhild, bila kuacha siku nyingi katikati, kwa sababu bangili, alama ya msalaba na udongo uliochukuliwa mahali pa mauti vinahitaji kuwa vibichi akilini pindi Rüdiger anapoapa. Sauti ya muziki isipunguzwe hata mtu anaposoma tafsiri, kwani kuna nyakati ndefu katika ukumbi wa Etzel ambapo hakuna neno lolote la kusomwa na okestra ndiyo inayobeba hadithi peke yake.